TUJIFUNZE KUKUZA FUWELE: SIRI YA RANGI ZA OPALI



Katika toleo hili tumeona ni vyema tuwaletee somo la sayansi linalofanywa kwa mikono. Linahusu jiwe liitwalo opali, pamoja na vitu vingine vinavyong'ara kama opali, ambavyo wanasayansi wanaviita fuwele za fotoni. Msitishwe na jina. Vifaa vingi tutakavyovitumia vinapatikana madukani hapa hapa Ngamiani: gololi, shabu, rangi ya kucha isiyo na rangi, na CD ya zamani. Kisichopatikana tutakitaja wazi, wala hatutawadanganya kwamba jiwe la thamani linaweza kupikwa jikoni.

Lengo letu ni moja. Mwanafunzi akimaliza somo hili aweze kueleza, kwa ushahidi aliouona kwa macho yake, kwamba ziko rangi ambazo hazikupakwa wala kutiwa. Zimetokana na mpangilio tu.

1. RANGI ZA AINA MBILI

Rangi tunazozijua zaidi ni zile za kutiwa. Hina, binzari, wino na rangi za kanga zote ni za aina hii. Ndani yake mna chembechembe zinazomeza baadhi ya mwanga na kuuacha mwingine. Twanga binzari mpaka iwe unga laini, bado itakuwa manjano.

Aina ya pili ni rangi za mpangilio. Tazama povu la sabuni, au mafuta yaliyomwagika juu ya dimbwi la maji barabarani, au shingo ya njiwa anapogeuka juani. Rangi zinabadilika kila unapobadilisha mahali pa kutazamia. Sabuni ile haina kijani ndani yake, wala mafuta yale hayana zambarau. Opali ni ya aina hii. Ukiitwanga opali yenye rangi zote za upinde wa mvua, utabaki na unga mweupe. Kilichopotea si rangi iliyokuwamo, bali ni mpangilio uliovunjwa.

2. OPALI NI NINI?

Opali imeundwa kwa silika, yaani kitu kile kile kilichomo katika mchanga na kioo, pamoja na maji kidogo. Kwa muda mrefu watu waliiona inacheza rangi bila kujua sababu. Jibu lilipatikana Australia mwaka 1964, wakati wanasayansi walipoitazama kwa hadubini ya elektroni. Waliona vitufe vidogo vya silika, vyote vya ukubwa mmoja, vimepangwa safu kwa safu kama machungwa sokoni.

Vitufe hivyo ni vidogo mno. Kipenyo chake ni kati ya nanomita 150 na 350 hivi, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Ukichukua vitufe vya nanomita 250 na kuvipanga kukatisha unene wa unywele mmoja wa kichwa, wenye nanomita 80,000 hivi, vitaingia zaidi ya 300.

Si kila opali inacheza rangi. Hapa kwetu Tanzania, huko Haneti mkoani Dodoma, hupatikana opali ya kijani. Ukijani wake umetokana na madini ya nikeli yaliyoingia ndani, kwa hiyo ni rangi ya kutiwa na haibadiliki ukiigeuza. Opali ya kucheza rangi ipo kwa jirani zetu wa Ethiopia. Mwaka 2008 iligunduliwa kwa wingi katika eneo la Wollo, na baadhi ya mawe hayo yana jambo la ajabu: yakilowa maji rangi hufifia na jiwe likawa kama kioo, na yakikauka rangi hurudi. Tulikumbuke jambo hilo, maana tutalihitaji mbele.

3. MWANGA NA DUFU

Mwanga husafiri kwa mawimbi. Wimbi la buluu lina urefu wa nanomita 450 hivi, la kijani 550, na jekundu 650. Mwanga mweupe unapoingia ndani ya opali, kila safu ya vitufe inarudisha kiasi kidogo tu.

Sasa fikirieni zafa ya Maulidi. Wapiga dufu kumi wakipiga kwa pamoja, sauti inafika mbali. Kila mmoja akipiga kwa wakati wake, kunabaki makelele na mdundo unapotea. Mawimbi yanayorudi kutoka kila safu ni kama wapiga dufu hao. Wimbi ambalo urefu wake unalingana na nafasi kati ya safu hurudi kwa pamoja, likaonekana kwa nguvu. Mawimbi mengine huvurugana yakafutana, au hupita. Ndiyo maana sehemu moja ya jiwe ni kijani na nyingine nyekundu: vitufe vya sehemu hizo vimetofautiana kidogo kwa ukubwa, au safu zake zimeelekea upande mwingine.

Kwa opali kavu ambayo hewa imejaa katikati ya vitufe, ukitazama moja kwa moja kutoka juu, ipo hesabu nyepesi ya kukadiria. Zidisha kipenyo cha kitufe kwa 2.2.

Kitufe cha nanomita 200: 200 × 2.2 = 440, yaani buluu.
Kitufe cha nanomita 250: 250 × 2.2 = 550, yaani kijani.
Kitufe cha nanomita 290: 290 × 2.2 = 638, yaani nyekundu.

Tofauti ya nanomita 90 tu inatosha kutupeleka kutoka buluu hadi nyekundu. Kwa hiyo vitufe vikichanganyika vikubwa na vidogo, hakuna rangi itakayoonekana ila weupe wa maziwa. Usawa ni sharti la kwanza, na utulivu ni sharti la pili.

4. NJIA YA KAMAL AL-DIN AL-FARISI

Tutajifunzaje kitu tusichoweza kukiona? Mwanzoni mwa karne ya 14, mwanachuoni Kamal al-Din al-Farisi alitaka kujua upinde wa mvua unatokeaje. Tone la mvua ni dogo, tena linaanguka. Yeye akachukua tufe la kioo, akalijaza maji, akalifanya kuwa tone kubwa lililotulia, kisha akafuatilia mwanga unavyoingia, unavyopinda na unavyorudi ndani yake. Alikuwa amekisoma na kukifanyia sherehe kitabu cha Ibn al-Haytham, Kitab al-Manazir, na majaribio hayo ni matunda ya kusoma huko.

Nasi tutaifuata njia hiyo hiyo. Kitufe cha opali ni kidogo, basi tutatumia gololi.

5. JARIBIO LA KWANZA: GOLOLI

Vifaa: gololi 50 za ukubwa mmoja, gololi kubwa 5, na sinia au sahani ya bapa.

Hatua:
(a) Miminia gololi za ukubwa mmoja katika sinia. Inamisha sinia kidogo na uitikise polepole mpaka zijipange.
(b) Chagua gololi moja ya katikati. Hesabu ngapi zinaigusa. Utapata 6.
(c) Weka safu ya pili juu. Kila gololi itajikalia yenyewe katika shimo lililo kati ya gololi tatu. Wauza machungwa ya Muheza wanalijua hili wanapopanga fungu: matatu chini, moja juu.
(d) Ongeza safu ya tatu, kisha hesabu tena kwa gololi iliyo ndani kabisa. Inaguswa na 12: sita kuizunguka, tatu juu, tatu chini.
(e) Sasa changanya zile 5 kubwa, urudie toka mwanzo. Utaona safu zimepinda na mianya imejitokeza.

Mpangilio wa hatua ya (d) hujaza asilimia 74 ya nafasi yote. Mwaka 1611 Johannes Kepler alisema hakuna namna ya kupanga tufe zikabanana zaidi ya hapo. Hesabu ya kulithibitisha neno hilo ilichukua karibu miaka 400 kukamilika. Kumbe anayepanga machungwa sokoni ameshika jambo lililowashughulisha wanahisabati karne kwa karne.

6. JARIBIO LA PILI: FUWELE YA SHABU

Jaribio hili linatufundisha subira, nayo ndiyo nusu ya kazi ya kukuza fuwele yoyote.

Vifaa: shabu iliyosagwa, maji ya moto, gilasi mbili, uzi mwembamba, kijiti, na kitambaa safi.

Hatua:
(a) Koroga shabu katika maji ya moto mpaka isiyeyuke tena. Chuja kwa kitambaa.
(b) Mimina kidogo katika kisahani, uache usiku kucha. Asubuhi utakuta fuwele ndogo ndogo. Chagua moja iliyo nzuri, isiyo na ufa. Hiyo ndiyo mbegu.
(c) Ifunge mbegu kwa uzi, uutundike kwenye kijiti ili mbegu ielee katikati ya gilasi yenye mmumunyo uliopoa. Mmumunyo ukiwa bado na moto, mbegu itayeyuka.
(d) Funika kwa kitambaa kuzuia vumbi. Weka mahali pasipotikiswa. Usiiguse.
(e) Gilasi ya pili iweke juani au kwenye upepo, ili ikauke haraka. Linganisha.

Ya kivulini itatoa fuwele moja yenye nyuso nane zilizonyooka. Ya juani itatoa vipande vingi vidogo vilivyong'ang'aniana. Hewa ya Tanga ina unyevu mwingi, hivyo wakati wa masika maji yanakauka polepole sana. Wakati mzuri ni kaskazi.

Angalieni tofauti. Katika shabu au chumvi, kinachojipanga ni chembe za asili zenyewe, ndogo kabisa kuliko wimbi la mwanga, kwa hiyo fuwele haichezi rangi. Katika opali, silika ya ndani ya kitufe haina mpangilio maalumu. Kilichojipanga ni vitufe vyenyewe, na nafasi zao zinalingana na wimbi la mwanga. Hapo ndipo rangi inapozaliwa.

7. JARIBIO LA TATU: RANGI BILA RANGI

(a) Tumbukiza karatasi nzito nyeusi ndani ya beseni la maji. Dondoshea juu ya maji tone moja tu la rangi ya kucha isiyo na rangi. Itatandaa upesi kama ngozi nyembamba. Inua karatasi taratibu kutoka chini ili ngozi hiyo iinase, kisha iache ikauke. Utapata mawimbi ya rangi ambayo hayafutiki, ijapokuwa ndani ya chupa hapakuwa na rangi yoyote. Hapa safu ni moja tu, lakini sababu ni ile ile: mwanga uliorudi juu ya ngozi na uliorudi chini yake umekutana.

(b) Chukua CD, uigeuzegeuze chini ya taa ya chumbani. Mistari ya CD imepishana kwa nanomita 1,600. Hesabu mwenyewe: katika milimita moja kuna mistari 625. Kisha tazama DVD, ambayo mistari yake imepishana kwa nanomita 740. Rangi zimesambaa zaidi. Mistari ikikaribiana, rangi huachana.

Msitumie jua kwa jaribio la CD. Mwanga wake ukirudi machoni unaumiza.

8. OPALI YENYEWE HUKUZWAJE?

Sasa tufike kwenye opali ya maabara. Mwaka 1968 Werner Stöber na wenzake walichapisha njia ya kutengeneza vitufe vya silika vilivyo sawa. Huchanganywa spiriti, maji, amonia, na kimiminika chenye silika kiitwacho kwa kifupi TEOS. Mchanganyiko huanza ukiwa maangavu, kisha hugeuka mweupe kama maziwa, kwa sababu vitufe vinakua ndani yake. Kiasi cha maji na amonia, pamoja na joto, huamua ukubwa wa vitufe.

Baada ya hapo vitufe husafishwa, huwekwa katika maji, na chombo huachwa kitulie. Vitufe vya nanomita 250 huzama kwa mwendo wa milimita 3 hivi kwa siku. Katika chombo cha kina cha sentimita 10, kazi hiyo inapita mwezi mzima. Mlango ukigongwa kila siku, safu zinavurugika. Vikitua salama na kukauka, chini hubaki gamba jepesi linalocheza rangi. Hiyo ni opali changa, laini, inayovunjika kwa kidole. Kuifanya jiwe gumu kunahitaji kuijaza na kuiimarisha, na Pierre Gilson ndiye aliyeanza kuziuza opali za namna hiyo mwaka 1974.

TAHADHARI: Hatua hii si ya nyumbani wala ya darasani kwetu. TEOS hudhuru macho na mapafu, amonia huchoma, na spiriti hushika moto. Inafanywa katika maabara yenye kuvuta hewa chafu, kwa miwani na glovu, chini ya mwalimu wa kemia. Anayetaka kuifanya aifuate kwa njia hiyo, shuleni au chuoni, na asijaribu kuagiza kemikali hizo kivyake.

9. FUWELE ZA FOTONI KATIKA MISITU YETU

Mwaka 1987 wanasayansi wawili, Eli Yablonovitch na Sajeev John, kila mmoja kwa upande wake, walionyesha kwamba kitu kikipangwa sawasawa kinaweza kuuzuia mwanga wa wimbi fulani usipite kabisa. Hapo ndipo elimu ya fuwele za fotoni iliposhika kasi. Mwaka 1996 ulitengenezwa uzi wa kioo wa kupitishia mwanga wenye vitundu vilivyopangwa kwa njia hiyo.

Lakini kuna mdudu aliyekuwa nayo kabla yao. Kipepeo Papilio nireus, mweusi mwenye mkanda wa buluu na kijani, anaruka Afrika Mashariki, na kiwavi wake hula majani ya jamii ya michungwa. Mwaka 2005 Peter Vukusic na Ian Hooper wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walieleza kwamba magamba ya mbawa zake yana vitundu vilivyopangwa, na chini yake kuna kioo cha safu nyembamba kinachorudisha mwanga juu. Mpangilio huo unafanana na ule ambao mafundi wa taa za LED walikuwa wakiutafuta ili taa itoe mwanga zaidi.

Liko pia tunda la buluu la mmea Pollia condensata, unaoota katika misitu ya Afrika, Tanzania ikiwemo. Halina rangi ya buluu ndani. Nyuzi zake zimepangwa kwa kuzunguka kama ngazi. Mwaka 2012 watafiti walilichunguza tunda lililochumwa Ghana mwaka 1974, wakalikuta linang'ara vile vile baada ya miaka 38. Kanga ya miaka 38 ingekuwaje?

Ukimpata kipepeo wa namna hiyo amekwisha kufa, dondoshea tone la spiriti kwenye ubawa wake. Vitundu vikijaa, rangi inageuka. Spiriti ikikauka, rangi inarudi. Ni jambo lile lile tulilolisema kuhusu opali ya Wollo: kilichobadilika ni kinachojaza nafasi. Msiue kipepeo kwa ajili ya jaribio.

Tuna sababu ya kusema hivyo. Katika Usambara Mashariki, karibu na Amani, tangu miaka ya 2000 wanavijiji wamefuga vipepeo na kuuza mabuu wao nje ya nchi kwa maonyesho. Msitu uliobaki ndio uliowapa mbegu na majani, hivyo kuutunza kulikuwa na faida kwao. Mwaka 2016 Serikali ilipozuia kusafirisha wanyama hai nje, vipepeo waliingia katika zuio hilo, na kipato hicho kilikatika. Anayejua kilichomo katika ubawa wa kipepeo ataelewa ni hazina gani inapotea mti mmoja unapokatwa.

10. ELIMU HII NA AMANA

Mkoa wetu una bonde la Umba, linalojulikana kwa yakuti na garneti. Vijana wengi huingia katika biashara ya vito bila elimu, wakauziwa kioo kwa bei ya jiwe, au wakauza kioo bila kujua. Al-Biruni, aliyeandika kitabu kizima juu ya vito katika karne ya 11, hakuridhika na kutazama tu. Alipima uzito wa jiwe na uzito wa maji yanayomwagika jiwe linapozamishwa, ili ajue jiwe gani ni lipi.

Opali ya kutengenezwa si kitu kibaya, ni kazi ya elimu. Ukiitazama ubavuni mara nyingi utaona nguzo nguzo zilizosimama, na juu yake mchoro kama ngozi ya mjusi. Ubaya ni kuiuza kwa jina la jiwe la asili. Mwenye kujua ana amana kubwa zaidi kuliko asiyejua.

Amana hiyo inaanzia kwenye daftari. Andika tarehe, hali ya hewa, kipimo ulichotumia, na ulichokiona. Fuwele ikitoka mbovu, andika mbovu. Usiandike ulichotarajia kukiona.

11. MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja rangi tatu za kutiwa na tatu za mpangilio unazoziona mtaani kwako.
2. Vitufe vina kipenyo cha nanomita 220. Kwa kanuni ya 2.2, opali kavu itakuwa na rangi gani?
3. Kwa nini fuwele ya chumvi haichezi rangi kama opali?
4. Vitufe vinazama milimita 3 kwa siku. Vitatumia siku ngapi katika chombo cha sentimita 6?
5. Ukitwanga binzari na ukitwanga opali, matokeo yanatofautiana vipi, na kwa nini?

HITIMISHO

Ndugu wanafunzi, silika iliyomo katika opali ndiyo iliyomo katika mchanga wa pwani yetu. Kilichoitenga opali na mchanga ni usawa wa vitufe, utulivu, na muda. Anzeni na gololi wiki hii, tieni shabu kwenye gilasi, na mtuletee madaftari yenu. Kazi zitakazoandikwa vizuri tutazitundika ukutani madrasani ili wengine wajifunze.

Wabillahi tawfiq.